Mbwa aliyevunjika kiuno: tumwue, tumwache, au tufanye nini?



Katika mkutano wa vijana wa mwezi uliopita liliulizwa swali ambalo hatukupata muda wa kulijibu, kwa sababu kwaya ya akina mama walikuwa wamefika na wanangoja benchi zao. Swali lenyewe ni hili. Mkristo akimkuta mbwa asiye na mwenyewe, amegongwa na gari, kiuno kimevunjika, hawezi kupona wala hafi upesi, afanye nini? Amwue? Amwache? Ambebe ampeleke nyumbani? Wengine walicheka. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akasema kwa sauti, "Watu wanakosa unga, na ninyi mnauliza habari za imbwa!" (Sisi wa Kivu tunasema imbwa, wenzetu wa upande wa Tanzania watuvumilie.) Nimeomba ukurasa huu nijibu kwa kuandika, maana naona swali lile si la kuchekwa, na mzee yule naye hakusema neno la bure.

Mbwa mwenyewe wengi wenu mlimwona. Ilikuwa siku ya soko, kando ya barabara inayotoka Base Camp kwenda Mbarara. Lori la mkaa lilimgonga asubuhi, likaenda zake. Miguu ya nyuma ilikuwa imekufa kabisa. Alijikokota kwa miguu ya mbele mpaka kwenye mtaro, akalala pale. Ilipofika saa nne watoto walikuwa wameanza kumtupia mawe. Mchana binti mmoja wa darasa la ubatizo akaleta gunia la kumkinga jua na kopo la maji. Jioni wakaja vijana wawili na panga, wakasema wanataka kumpumzisha. Binti akakataa, akasema Mungu ndiye anayetoa uhai na hakuna aliyewapa ruhusa. Wakabishana mpaka giza likaingia, kila mtu akarudi kwake. Mbwa alikufa usiku wa siku ya tatu.

Mwenye panga alisema ana huruma, mwenye maji pia alisema ana huruma, na wote wawili walisema kweli. Lakini mbwa alikaa katika mtaro siku tatu. Hapo ndipo penye swali.

Kabla ya kufungua Maandiko, kuna jambo ambalo vijana waliozaliwa hapa hawalijui vizuri, na wazee hawapendi kulisimulia. Nakivale inapokea wakimbizi tangu 1958, na wengi waliopita hapa walitoka mahali ambapo watu waliuawa na hawakuzikwa. Mwaka 1994 katika Rwanda mbwa walikula maiti. Askari, hata wale wa Umoja wa Mataifa, waliwapiga risasi mbwa wa Kigali kwa sababu hiyo, na kwa miaka baada ya vita mbwa walikuwa wachache sana katika mji ule. Upande wetu wa Kongo nako, katika vita vilivyofuata, vijiji vilikimbiwa na mbwa wakabaki na waliobaki. Katika kanisa letu yuko mama ambaye siku ile ya soko alivuka barabara akapita upande wa pili, akafunika uso wake kwa kitenge. Sitamwuliza kwa nini. Kuna watu ambao mimi, nikiwa mchungaji wao, siwezi kusimama mbele yao na kuwaagiza wamhurumie mbwa. Huruma si kodi ambayo mtu anatozwa nyumba kwa nyumba.

Ila watoto waliotupa mawe hawakuona alichokiona mama yule. Wao walizaliwa hapa, wakamkuta mbwa ni kitu cha kupigwa, wakampiga. Chuki ya mama ina sababu yake, na kaburi lake halina msalaba. Yao ni ya kurithi tu, kama vile mtu anavyorithi koti la marehemu bila kujua lilichafukia wapi.

Sasa Maandiko. Nitasema ukweli: Biblia haimsemi mbwa vizuri. Nyama iliyoraruliwa na wanyama hutupiwa mbwa (Kutoka 22:31). Mbwa ndio waliokula mwili wa Yezebeli (2 Wafalme 9). Paulo akitaka kuwaonya Wafilipi juu ya waalimu wabaya anawaita mbwa (Wafilipi 3:2), na katika Ufunuo 22:15 mbwa wako nje ya mji. Mtu akitaka kuhubiri dhidi ya mbwa ana mistari ya kutosha kwa Jumapili nne.

Lakini angalieni ni nani wengine wanaoitwa mbwa katika kitabu hicho hicho. Mefiboshethi, mtoto wa Yonathani, kilema wa miguu yote miwili, aliyekimbizwa akiwa mtoto na yaya wake akamwangusha, anajiita mbwa mfu mbele ya Daudi (2 Samweli 9:8). Yule alikuwa mkimbizi, wapendwa. Na mwanamke Mkanaani wa Mathayo 15 alipoambiwa habari za chakula cha watoto na mbwa hakukasirika, alishika neno lile lile akalitumia kuomba makombo, na akapata alichotaka. Sitaki mtu aende nyumbani aseme mchungaji amewalinganisha wakimbizi na mbwa. Nasema hivi: wengi wetu tuliitwa mbwa, tuliitwa na majina ya wadudu, kwenye vizuizi vya barabara, na tunajua kilichofuata baada ya jina. Mtu akishaitwa mbwa, lolote linaweza kutendwa juu yake bila kesi. Kwa hiyo tunavyomtendea mbwa si jambo dogo kama linavyoonekana, maana ndicho kipimo ambacho watu hukitumia baadaye kwa wanadamu wanaowapa jina hilo.

Na kuhusu mnyama aliyeumia, Torati haijanyamaza. Kutoka 23:5 na Kumbukumbu la Torati 22:4 zinaagiza kwamba ukimwona punda ameanguka njiani chini ya mzigo, hata akiwa ni punda wa mtu anayekuchukia, usipite kama hukuona, umsaidie kuinuka. Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa jinsi anavyouangalia uhai wa mnyama wake. Bwana Yesu mwenyewe anauliza katika Luka 14:5 ni nani ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani hatamtoa siku ya sabato. Na kitabu cha Yona kinafungwa kwa namna ya ajabu: Mungu anamtajia nabii wingi wa watu wa Ninawi, halafu anaongeza na wanyama, kana kwamba nao walikuwa katika hesabu yake tangu mwanzo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Punda wa Torati anainuka. Ng'ombe wa Luka anatoka kisimani. Mbwa wetu hakuweza kuinuka. Nimetafuta katika Biblia yote mstari unaosema tufanye nini na mnyama ambaye hatainuka tena, na haupo. Binti wa maji na vijana wa panga wote walikuwa na mistari, na mistari yote ilikoma pale pale kwenye mtaro. Hapo Mungu ametuachia akili.

Katika chuo cha Biblia tulikuwa na somo la dini za dunia. Wanafunzi wengi walilichukua kama somo la kujua makosa ya wengine. Mimi nilitoka nalo na swali moja linalofaa leo, kwa sababu ziko nchi nzima ambazo zimelijibu kwa njia ya yule binti. Ni nchi za Wabudha: Thailand (mnaijua kwa mchele), Sri Lanka, Bhutan, na nyingine. Amri ya kwanza ambayo muumini wao wa kawaida anajifunga nayo ni kutoua kitu chenye uhai, na haisemi mwanadamu tu. Wanaamini kwamba kiumbe kinazaliwa tena na tena, na kwamba mateso ya sasa yana mizizi katika matendo ya nyuma. Ukimkatisha mnyama maisha yake hujamwondolea deni lake, umeliahirisha tu, na wewe mwenyewe umejiongezea la kwako. Kwa hiyo Mbudha wengi, hata daktari wa mifugo kati yao, akiletewa mbwa aliyevunjika asiyeweza kupona, atasita sana kumchoma sindano ya kumaliza. Atampa dawa ya maumivu kama ipo, atamlisha, atamfunga vidonda, atamngojea.

Mtu asidhani ni maneno tu. Sri Lanka, mwaka 2006, serikali iliacha kuwaua mbwa wa barabarani, na badala yake wakawachanja na kuwafunga uzazi. Watu wengi waliogopa kwamba kichaa cha mbwa kingeenea, lakini katika miaka iliyofuata waliokufa kwa ugonjwa huo walipungua. Bhutan, nchi ndogo ya milimani, ilianza kazi ya kuwafunga uzazi mbwa mwaka 2009, na mwezi wa Oktoba 2023 ikatangaza kwamba imewafikia mbwa wote wanaozurura, zaidi ya 150,000. Sisi katika miji yetu ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi tumetumia nyama yenye sumu. Anayekula sumu ile hafi kwa amani, walioona wanajua, na miezi michache baadaye mbwa wengine wamejaza nafasi.

Thailand kuna habari ya mama mmoja Mwingereza, Gill Dalley, ambaye pamoja na mumewe na rafiki yao waliingia katika kazi ya kuwatibu mbwa wa barabarani katika kisiwa cha Phuket, katika shirika lililoanzishwa mwaka 2003. Mwaka 2004 aliingia katika shamba lililojaa maji kumtoa mbwa, akapata maambukizi ya damu, na madaktari wakamkata miguu yote miwili chini ya magoti. Mwisho wa mwaka ule ule yakaja yale mawimbi makubwa ya bahari, na yeye, akiwa na majeraha mapya, akaenda hospitali kuwafariji waliookoka. Akaendelea na kazi ya mbwa kwa miguu ya bandia mpaka alipofariki mwaka 2017. Nimeileta habari hii kwa ajili ya wale wanaosema kwamba anayependa mbwa huwa amewaacha watu.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, maana nisingependa mtu ahamie Ubudha kwa sababu ya jarida letu. Thailand watu huwatupa mbwa wasiowataka kwenye nyua za mahekalu, kwa kuwa wanajua watawa hawatawafukuza. Amri ya mmoja ya kutoua inakuwa nafasi ya mwingine ya kutupa mzigo. Na mbwa anayeoza akiwa hai katika ua wa hekalu, asiyeuawa kwa sababu kila mtu anaulinda mkono wake usichafuke, huyo naye anateswa. Mtu anayeweza kuyakomesha maumivu na hayakomeshi kwa kuogopa hesabu yake mwenyewe, anajihurumia nani hasa?

Swali hilo nalirudisha kwetu, kwa sababu panga nalo halina usafi. Tumeona mara nyingi mtu akisema "tumpumzishe" na maana yake ni "tupumzike sisi." Kilio kinatusumbua, harufu inatusumbua, watoto wanaangalia, basi mtu achukue kitu kizito amalize. Anayepiga kwa hasira ya kusumbuliwa hupiga vibaya, mara tatu, mara nne, na mbwa anakufa kwa hofu na watoto wanajifunza. Kwa hiyo Mbudha anaweza kumwacha mbwa katika mateso kwa ajili ya nafsi yake, na Mkristo anaweza kumwua kwa ajili ya nafsi yake. Katika yote mawili mbwa mwenyewe hakuulizwa anahitaji nini.

Basi anahitaji nini? Hapa nitoe maoni yangu. Anahitaji kwanza watoto waondoke. Anahitaji kivuli, maji, na kunyamaziwa. Yule binti alijua hayo bila kufundishwa. Halafu anahitaji mtu anayejua aseme kama atapona au hatapona, kwa maana wako mbwa waliovunjika mguu wakapona wakatembea kwa mitatu, na sisi tusingejua. Akisema hatapona, sioni dhambi katika sindano ya daktari wa mifugo inayomlaza mnyama usingizi asiamke. Mungu aliyempa mwanadamu kutawala wanyama hakumpa utawala wa kula nyama yao tu na kuikimbia taabu yao. Kama daktari hapatikani, na mara nyingi hapa hapatikani, heri mtu mmoja mzima aliyezoea kuchinja, mwenye mkono wa haraka, kuliko siku tatu katika mtaro. Lakini asiwe kijana wa kujaribu, wala yasifanyike mbele ya watoto.

Binti wa darasa la ubatizo, najua utasoma hapa. Hukukosea kumletea maji, na wala sisemi ulifanya vibaya kusimama mbele ya panga lile, kwa jinsi lilivyokuja. Ninachokuomba ufikiri ni kama uliusimamia uhai wa mbwa au uliisimamia amri. Hata Wabudha, wenye amri kali kuliko yetu, wanatofautisha: katika kanuni zao za kale, mtawa aliyemwua mwanadamu hufukuzwa utawani, lakini aliyemwua mnyama hutakiwa kuungama. Ni kosa kwao, lakini halina uzito mmoja.

Mtu wa Isingiro atacheka akituona tunahangaika hivi. Tuko katika nchi ya Ankole, nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu na maziwa. Ndama wa mtu akivunjika mguu, simu inapigwa Mbarara saa ile ile na daktari anafika kwa pikipiki. Ikishindikana anachinjwa, nyama inaliwa, na hakuna anayeitisha mkutano wa kuuliza kama ni halali. Kwa nini? Kwa sababu ng'ombe ana bei. Huruma na faida zinatembea pamoja, na huwezi kujua ni ipi iliyokuwa inaongoza. Mbwa wa mtaro hana bei, hana mwenyewe, nyama yake haitakiwi, hata asante yake haifiki popote. Tajiri wa Luka 16 alikuwa na mtu wa namna hiyo mlangoni pake. Wahubiri wengi husema mbwa waliolamba vidonda vya Lazaro walikuja kumwongezea aibu. Inawezekana. Mimi ninaona tu kwamba katika habari ile yote, wao ndio pekee waliomkaribia.

Jirani zetu Wasomali hawafugi mbwa ndani, mate yake kwao ni najisi, na wengi wetu tunadhani basi hawana neno juu yake. Lakini ulizeni. Waislamu wana hadithi mashuhuri ya kahaba aliyesamehewa dhambi zake kwa sababu alimtekea maji kwa kiatu mbwa aliyekuwa akifa kwa kiu. Mtu anaweza kutomshika mbwa na bado akampa maji.

Sasa nimjibu mzee wangu wa unga. Baba, umesema kweli, na hakuna anayeweza kukudharau. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani lilitugawa katika makundi matatu kwa kadiri ya uhitaji, na kundi la tatu likatoka kwenye mgao. Mwaka 2025 watu karibu milioni moja katika Uganda waliondolewa. Ziko nyumba katika kanisa hili zinazopika mara moja kwa siku. Kama ingekuwa ni kuchagua kati ya sahani ya mtoto na sahani ya mbwa, swali lisingekuwepo, na mchungaji anayelileta angestahili kufukuzwa. Lakini hesabu gharama ya siku ile: gunia kuukuu moja na kopo la maji ya ziwa. Hakuna mtoto aliyelala njaa kwa ajili ya gunia lile. Na mawe yale, je, yalimshibisha nani? Tunaposema "watu kwanza" tuangalie kama kweli tunaelekea kwa watu, au tumesimama tu.

Na wako waliokwenda kwa watu kwa kupitia kwa mbwa. Huko Gulu, ambako vita vya Kony viliacha maelfu ya watu wasiolala usiku, kuna kazi inayoongozwa na Francis Okello Oloya, ambaye alipofuka akiwa mtoto kwa kulipukiwa na bomu. Wanachukua mbwa waliookotwa, wanawatibu, wanawapatanisha na watu walioumizwa na vita, na mtu na mbwa wanafundishwa pamoja. Sisemi tuanzishe jambo hilo Nakivale. Kwa yule mama mwenye kitenge lingekuwa mateso. Nasema tu kwamba waliopona kwa njia hiyo wapo, na ni watu wa vita kama sisi.

Kuna tahadhari moja ambayo ningekosea kuiacha, hasa kwa wenye moyo laini. Mbwa mwenye maumivu anauma, hata akiwa mpole, hata anayekuletea maji. Usimshike mdomo wala usimbebe mikononi. Umsogeze kwa gunia au kipande cha turubai. Mbwa asiyejulikana anaweza kuwa na kichaa. Ugonjwa huo unaua watu wapata 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya, karibu wote katika Afrika na Asia, na watoto ni sehemu kubwa yao. Dalili zikishaanza hauna dawa. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, usipake mafuta wala pilipili wala majivu, na uende kituo cha afya siku ile ile. Wakikosa chanjo, safari ya Mbarara isingoje kesho wala maombi ya mkesha. Tutakuombea ukiwa ndani ya gari. Na chanjo ya mbwa ikiletwa katika zoni yako, mpeleke mbwa wako na umshawishi jirani. Wataalamu wanasema wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia.

Limebaki swali moja, ambalo kijana mmoja aliniuliza nje, baada ya mkutano, kwa sauti ya chini. "Mchungaji, kama ni halali kumpumzisha mbwa, mbona si halali kwa mtu?" Alikuwa anamuuguza baba yake. Hilo si swali la darasani, na nilikaa naye mpaka usiku.

Nilimwambia ninachokiamini: mnyama yuko mikononi mwetu kwa namna ambayo mwanadamu hayuko. Katika Mwanzo 9 Mungu anatoa wanyama kwa Nuhu, na hapo hapo anadai damu ya mtu, kwa sababu ya mfano wake. Mbwa katika mtaro hana jambo la kumaliza. Anayo maumivu tu. Mtu anayekufa anaweza bado kusamehe, kuusia, kuita jina la mtoto wake, kumgeukia Mungu saa ya kumi na moja kama mnyang'anyi pale msalabani. Na tena mbwa hawezi kushawishiwa kwamba amekuwa mzigo. Mtu anaweza. Katika kambi ambako chakula kinapimwa kwa makundi, ningeogopa sana siku ambayo mgonjwa angeanza kujiuliza kama familia ingekula vizuri zaidi bila yeye. Kumpa dawa ya maumivu, hata kali, hiyo ni haki yake, na hospitali ya Mbarara tumewahi kwenda kuiomba kwa ajili ya wagonjwa wetu. Kumkatisha ni jambo lingine.

Kijana alinisikiliza, halafu akaniuliza habari ya Mfalme Sauli na yule Mwamaleki aliyesema alimmalizia kwa kuombwa, na kwa nini Daudi aliamuru auawe. Hiyo tutaisoma Jumamosi saa tisa, mahali petu pa kawaida. Njooni na Biblia, mkiwa mmesoma 1 Samweli 31 pamoja na 2 Samweli 1, kwa sababu sura hizo mbili hazisimulii kifo kile kwa namna moja, na yule Mwamaleki huenda alisema uongo.